Kununua vifaa vya nyumba kwa bei ndogo bila kununua ugonjwa



Neno moja kila mtumishi anapaswa kulishika tangu mwaka wake wa kwanza: nyumba ya kazi si nyumba yako. Mwaka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari, watumishi zaidi ya 10,000 waliiacha Gécamines. Feza ya mwisho ya kazi huingia mara moja tu, na chakula huliwa kila siku. Mwenye kuta zake na paa lake siku hiyo hana kodi ya kulipa. Asiye nazo anaanza kujenga wakati mshahara umekwisha.

Kwa hiyo ni vizuri kujenga mapema, kidogo kidogo. Na kwa kuwa mshahara hautoshi kwa yote, ni vizuri vilevile kutafuta bei ndogo. Hapa Kikula watu wetu wanajua kutafuta. Wanazunguka soko, wanauliza kwa majirani, wanapita kando ya barabara kutazama milango, vyuma na mapipa yaliyokwisha kutumika. Ukurasa huu haukuja kuwakemea. Umekuja kufundisha namna ya kuchagua, maana kuna bei ndogo ambayo ni faida ya kweli, na kuna bei ndogo ambayo ni deni. Deni lake halilipwi sokoni. Linalipwa na mapafu, na ngozi, na watoto.

1. Hesabu kwanza, soko baadaye

Feza nyingi hupotea kabla ya mtu kufika sokoni, kwa sababu hakuhesabu. Tuchukue mfano wa chumba kimoja cha mita 4 kwa mita 3, chenye kuta za mita 2.50 kwenda juu.

Kuzunguka chumba ni 4 + 3 + 4 + 3, yaani mita 14. Zidisha kwa 2.50, unapata mita mraba 35. Ondoa mlango wa mita 2 kwa 0.80, ambao ni 1.60. Ondoa dirisha la mita 1.20 kwa 1, ambalo ni 1.20. Zinabaki mita mraba 32.20. Matofali ya simenti ya sentimita 40 kwa 20, pamoja na udongo wa kuyaunga, huingia 12.5 katika mita mraba moja. Basi unahitaji karibu 403. Ongeza 20 kwa ajili ya yatakayovunjika njiani: 423.

Mtu akikuambia bila kuhesabu, «Chukua 500, hautakosa», amekuuzia matofali 77 ya bure, yaani bure kwake na gharama kwako. Kalamu na karatasi ndizo vifaa vya bei ndogo kuliko vyote. Mpe mtoto anayesoma shule ya msingi afanye hesabu hii. Atajifunza, nawe utapona.

2. Mahali pa kupunguza gharama bila hatari

Majira. Matofali ya udongo hufinyangwa na kuchomwa wakati wa kiangazi, maana mvua huyaharibu kabla hayajaingia motoni. Usingoje mvua ya kwanza ndipo ukimbilie vifaa, wakati kila mtu anavitafuta. Nunua matofali katika miezi ya jua, uyapange vizuri na kuyafunika juu.

Ujirani. Majirani watatu wanaojenga waweza kuagiza lori moja la mchanga na kugawana gharama ya kulileta. Mchanga wa kubebwa kwa toroli mara ishirini waweza kuwa ghali kuliko wa lori. Lakini andikeni mapema nani amelipa ngapi, ili mchanga usije ukavunja ujirani.

Vitu vilivyokwisha kutumika. Milango ya mbao ngumu, fremu za madirisha, vyuma vilivyonyooka visivyoliwa na kutu, matofali ya kuchoma ya nyumba iliyobomolewa: hivi ni vizuri kabisa. Matofali ya zamani yagongwe simenti yake ya kale itoke, na mtu anayegonga avae miwani na kufunika pua kwa kitambaa.

Kupima mwenyewe. Tofali la kuchoma ligonge kwa lingine: likilia kama chuma, limeiva, likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, liache. Liangushe toka kiunoni juu ya ardhi ngumu: zuri halivunjiki ovyo. Tofali la simenti likwaruze kwa msumari: likitoka unga mwingi, muuzaji amebania simenti. Kwa mabati ya paa, yaani manjanja, uliza namba yake: namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi. Bati la BG 32 lina bei ndogo kuliko la BG 28, lakini linakunjika na kutoboka mapema.

Mchanga nao una kipimo. Tia mchanga katika chupa nyeupe hadi nusu, ongeza maji, tikisa sana, kisha acha itulie hadi kesho. Mchanga utalala chini na matope yatalala juu yake. Matope yakizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, ukuta wako hautakuwa na nguvu.

3. Ulizo linalotangulia bei

Sasa tunafika kwenye somo lenyewe. Mara nyingi mtu akiona kitu sokoni, ulizo lake la kwanza ni: «Bei ngapi?» Sisi wa dispensari tunaomba ulizo hilo liwe la pili. La kwanza liwe hili: Kitu hiki kilitoka wapi, na kilifanya kazi gani kabla ya kufika hapa?

Likasi ni mji wa madini. Huko Shituru shaba inatolewa kwa asidi na umeme tangu miaka ya 1920. Panda, Kambove, Shinkolobwe: majina haya yote ni ya migodi na viwanda vinavyotuzunguka. Katika mji wa namna hii, vitu vingi vinavyouzwa kwa bei ndogo vimepita kwanza katika kazi ya kiwanda. Kiwanda kimekwisha kuondoka ndani yake, lakini sumu yake huenda imebaki.

Sikiliza mazungumzo ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuyasikia:

— Papa, karibia. Hii pipa iko muzuri, bei ya ndugu.

— Ilikuwa na nini mu ndani?

— Sijue, Papa. Lakini balisha kuisafisha.

Mnunuzi akisikia «Sijue», jibu amekwisha kulipata. Aage kwa heshima na aende zake. Pipa lisilojulikana lilikuwa na nini halina bei ndogo.

4. Mapipa

Mapipa ya chuma hununuliwa kwa kazi tatu: kuweka maji ya kujengea na ya kunywa, kukatwa na kunyooshwa yawe milango au paa la jiko, na kupikia. Hatari ziko mbili.

Hatari ya kwanza ni sumu. Mapipa ya kiwanda huleta asidi, soda kali, mafuta, na dawa za kutenganisha madini na mawe. Dawa hizi hujificha katika kutu na katika mikunjo ya pipa, na maji na sabuni havizitoi zote. Pipa la namna hiyo lisitiwe maji ya kunywa, wala unga, wala munkoyo. Kitu chenye uchungu kama munkoyo huchota sumu ya chuma upesi kuliko maji.

Hatari ya pili ni moto. Watu wengi hudhani pipa tupu halina hatari. Sivyo. Pipa lililokuwa na petroli au dawa ya kiwanda hubaki na mvuke ndani, na mvuke ukichanganyika na hewa hulipuka kuliko pipa lililojaa. Pipa la asidi nalo, maji kidogo yakiingia, hutengeneza ndani yake gesi inayowaka. Fundi akilitia moto wa kukatia au jiwe la kusagia linalotoa cheche, kifuniko kinaruka kama risasi. Usikate pipa usilojua habari zake. Usimpe kijana wako kazi hiyo kwa kutaka kuokoa mlango mmoja.

5. Mchanga wa bure

Karibu na kila kiwanda cha madini kuna milima ya mchanga laini uliobaki baada ya shaba na kobalti kutolewa. Ni mwingi, uko karibu, na mtu huona ni mali ya bure. Wengine huuchanganya na simenti, wengine huutandaza chini ya sakafu.

Kwanza, mchanga huo haufai hata kwa ujenzi. Mara nyingi una chumvi za salfati, ambazo hula simenti polepole. Ukuta unavimba, unapasuka, na plasta inaanguka. Ulichookoa leo utakilipa mara mbili.

Pili, ni vumbi la madini. Mwaka 2009 waganga wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kuchunguza mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kusini mwa Katanga. Walikuta kobalti nyingi sana, na watoto walikuwa nayo kuliko wakubwa. Sababu si ngumu kuielewa. Mtoto hutambaa chini, hucheza chini, na hutia mkono kinywani. Ukileta mchanga wa kiwanda nyumbani, unamletea mtoto kiwanda chini ya kitanda.

Tatu, eneo letu lina uraniamu. Shinkolobwe iko karibu kilomita 20 toka Likasi. Uraniamu ya huko ndiyo iliyotumika sana katika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mawe yenye uraniamu hutoa miali isiyoonekana, na hutoa pia gesi iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo ikikusanyika chumbani, watu wanaivuta, na baada ya miaka huleta kansa ya mapafu.

Jambo hili si hofu tupu. Limekwisha kuwapata wengine. Katika mji wa Grand Junction, jimbo la Colorado, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha uraniamu kilichoanza mwaka 1951. Mchanga wake wa taka ulikuwa mzuri kwa macho, na watu waliruhusiwa kuuchukua. Waliutandaza chini ya sakafu, wakauchanganya na simenti, wakajenga nyumba na shule. Desturi hiyo ilisimamishwa mwaka 1966, wakati hatari ilipojulikana. Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipaswa kutoa sheria na feza za kutengeneza majengo hayo. Katika miaka iliyofuata majengo zaidi ya 4,000 ya mji ule yalisafishwa: sakafu zikavunjwa, udongo ukachimbuliwa na kupelekwa mbali. Mchanga wa bure uligeuka kuwa mchanga wa gharama kuliko wote. Nao walikuwa na serikali tajiri ya kulipa. Wewe na mimi, sakafu yetu ikivunjwa, nani atalipa?

Basi nunua mchanga wa mto ambao unajua ulikochimbwa, mbali na mifereji ya maji ya kiwanda. Mawe ya rangi ya kijani, ya njano kali au meusi mazito yaliyotoka migodini, usiyajenge ukutani wala kuyaweka chumbani kama pambo. Lakini usiamini rangi peke yake, maana miali haionekani kwa macho.

6. Mabati ya kijivu ya zamani

Majengo ya zamani mara nyingine yamefunikwa kwa vipande vya kijivu vyenye mawimbi, vizito kuliko bati, vilivyotengenezwa kwa simenti na amianti. Watu huviita eternit. Wanavisifu kwa kuwa havina kelele ya mvua wala joto la jua. Jengo likibomolewa, huuzwa kwa bei ndogo.

Amianti ni jiwe lenye nyuzi nyembamba sana. Kipande kizima kisichoguswa hakitoi nyuzi nyingi. Lakini ukikikata kwa msumeno, ukikitoboa, ukikivunja au ukikisugua, nyuzi zinaruka hewani. Huzioni. Zikiingia mapafuni hazitoki. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba amianti ya kila aina huleta kansa. Na ugonjwa haufiki kesho: mara nyingi unafika baada ya miaka 20 hadi 40. Ndiyo maana mtu anasema, «Mimi nimekata nyingi, sina neno.» Neno lake liko njiani.

Shauri letu: usinunue. Kama nyumba yako imekwisha kufunikwa navyo, usivisugue wala kuvitoboa. Kama lazima kimoja kiondolewe, kilowanishe kwa maji kwanza, kiondoe kizima bila kukivunja, na watoto wakae mbali. Usifagie vumbi lake likiwa kavu. Nguo za kazi hiyo zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto. Na vipande vilivyovunjika visisagwe kutengenezea njia ya uani.

7. Rangi na miti yenye dawa

Makopo ya rangi yaliyofunguliwa, yaliyobaki katika kazi za vyuma, huuzwa kwa nusu ya bei. Rangi nyekundu ya zamani ya kuzuia kutu ilikuwa na risasi nyingi. Risasi huharibu akili ya mtoto, hata kwa kiasi kidogo, na dawa ya kuirudisha akili hiyo hakuna. Rangi ya namna hiyo isipakwe mlango, wala dirisha, wala kitanda. Chokaa nyeupe ni ya bei ndogo na inafaa.

Nguzo za zamani zilizopakwa dawa nyeusi yenye harufu ya lami zinastahimili mchwa, ni kweli. Lakini dawa hiyo huchoma ngozi, na moshi wake ni sumu. Usiziweke katika chumba cha kulala, na mabaki yake yasipikie chakula.

8. Mahali pasipofaa kupunguza

Simenti. Gunia lina kilo 50. Likiwa limefunguliwa na kushonwa tena, lipime. Tia mkono ndani: simenti nzuri ni laini na baridi. Ikiwa na mawe magumu yasiyovunjika kwa vidole, imekwisha kulala, haiamki tena. Nyumbani iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumie kabla ya miezi 3. Kumbuka simenti mbichi huchoma ngozi: vaa viatu vya mpira na glavu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 20 bila kungoja, kisha uje dispensari.

Umeme. Waya wa zamani wenye ngozi iliyopasuka ni moto unaongoja usiku. Kwa taa tumia waya wa milimita mraba 1.5, kwa mahali pa kuchomeka vyombo 2.5. Na waya unaouzwa bila karatasi ya kuonyesha ulikotoka, huenda umetolewa kazini usiku. Ukiununua, umejenga nyumba yako na kesi ndani yake.

Madirisha. Wengine huokoa feza kwa kufanya tundu dogo kama la njiwa. Chumba cha mita mraba 12 kinahitaji dirisha lisilopungua mita mraba 1.20, yaani sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba kisicho na hewa hulisha kifua kikuu. Na wakati wa baridi, mbabula yenye makala ikiingizwa katika chumba kilichofungwa, huua familia nzima ikiwa usingizini. Dirisha ni dawa isiyokwisha. Unainunua mara moja tu.

Ya kukumbuka

1. Hesabu nyumbani kabla ya kwenda sokoni.
2. Uliza kitu kilitoka wapi, ndipo uulize bei.
3. Jibu likiwa «Sijue», usinunue pipa, mchanga, rangi wala unga wowote.
4. Punguza gharama kwa majira, kwa ujirani na kwa vitu vya zamani vilivyo safi. Usipunguze katika simenti, umeme na hewa.
5. Baba anunuapo, mama naye atazame, kwa maana yeye ndiye atakayefagia sakafu hiyo kila siku, na mtoto ndiye atakayelala juu yake.

Mwenye shaka juu ya kitu alichoonyeshwa sokoni aandike jina lililo juu ya pipa au kopo, hata kama halielewi, atuletee kabla ya kulipa. Kusoma jina hakuna bei.